Fidla ya harusi ya Mjomba

London

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillah. Achari na halua zimefika. Halua haikumaliza wiki.

Jumamosi mwenzangu wa kazini alinipeleka Royal Albert Hall kusikiliza okestra. Jumba ni la mviringo, la tangu 1871, laingia watu zaidi ya elfu tano. Zamani lilikuwa na mwangwi hata watu wakitania kwamba hapo tiketi ni moja, muziki wausikia mara mbili. Mwaka 1969 wakaning'iniza masahani makubwa huko juu, kama uyoga, kuupunguza. Fidla zilikuwa nyingi, sijapata kuona. Na zililia, Mama, wallahi zililia. Zilipotua nikapiga makofi, peke yangu! Kumbe haijesha, wanapumua tu. Mwenzangu akanigusa mkono. Basi nikatulia kama nimo msikitini, na hapo ndipo ikaniingia sikioni fidla nyingine kabisa, ile ya harusi ya Mjomba.

Wakumbuka? Wapigaji walivuka kutoka Mokowe, bara, kuja kwetu kisiwani Amu alasiri, nikatumwa gatini na punda kupokea vyombo. Kinanda nilikifunga mwenyewe mgongoni mwa punda, tabla nikazikumbatia. Mwenye udi hakukubali mtu aushike. Usiku wanawake mlijaa uani, sisi watoto tuko juu ya dari twachungulia, na nyie mwadhani tumelala.

Nyimbo nyingi zilikuwa za yule mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, zile za sauti za Kihindi na maneno ya binamu yake Ahmad Nassir. Nilizijua kwa kanda za Mbwana Radio Service, lile duka la Mombasa, zilizokuwa zikichakaa kwenye redio ya Baba. Bhalo mwenyewe sikumdiriki ukumbini, alifariki 2014. Na Zein, mwimbaji wetu wa Amu, na udi wake, akamfuata 2016. Hao nimewakosa. Lakini usiku ule niliupata, na ningelipa nauli ya ndege kuurudia.

Si kwa sababu ya muziki peke yake. Ni Shangazi. Ulipofika ubeti fulani aliinuka, noti mkononi, akaenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji akamtunza. Mwimbaji, mjanja wa kazi yake, akaurudia. Shangazi akaenda tena. Mara ya tatu akapita makusudi mbele ya yule bibi wa leso nyekundu, akamzunguka kama meli inayotafuta bandari, ndipo akaitoa noti. Vigelegele! Bibi yule akajitia buibui akaondoka, hata biriani hakuionja.

Huku, Mama, hata wakikusema kwa fidla hamsini hujui kama wewe ndiwe uliyesemwa. Watu walikaa wamefunga mikono saa mbili nzima. Nilikuwa na pauni tano mfukoni, zikiniwasha.

Sasa nina haja mbili. Kanda aliyorekodi jirani usiku ule, kama panya hawajaila, mpe kijana yeyote ainakili kwa simu anitumie. Na ya pili, miaka yote hii sijajua yule bibi alimfanya nini Shangazi. Muulize baada ya isha, akishakunywa kahawa yake. Usimwambie ni mimi niulizaye.

Wako mwana,
Famau