Barua kwa mwanangu aliyepewa saiti Njiro

Mwanangu,

Marahaba mama. Simu yako ya alhamisi ilikatika katikati, umeme ulikua umeondoka hapa Pasua na chaji imebaki asilimia mbili, kwahiyo hongera zangu sikuzimalizia. Hongera sana. Mama yako jana kawatangazia jumuiya nzima kwamba we ndo meneja wa ujenzi wa lile ghorofa la Njiro, saa hivi washakuja watu wanne wanataka vijana wao wapate kibarua, nimewaambia wasubiri, hata msingi haujachimbwa.

Sasa kuna neno ulisema likanikaa. Ulisema "baba, yani kazi yenyewe ni kusimamia tu". Hiyo "tu" ndo imenifanya nikae na hii simu yenye kioo kilichopasuka nikuandikie. Mi injinia sijasoma unajua, nimekaa stoo za saiti miaka 22, lakini dirisha la stoo linaona kila kitu, anayeingia, anayetoka, nani kaja na nini na karudi na nini, na mameneja nimewaona wengi wakipita hapo.

Kwanza kazi yako imeshaanza, usingoje siku ya kuchimba. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kiwepo saiti, nakala, sio "kipo ofisini kwa bosi". Mradi uwe umesajiliwa CRB, ile bodi ya makandarasi, na bango lisimame getini lenye majina ya kontrakta, msanifu, injinia na mkadiriaji wa gharama, na OSHA, wale wa usalama kazini, waijue hiyo sehemu kabla vibarua hawajapanda juu. Watu wanaona hayo makaratasi ni usumbufu mpaka siku wanakuja wakaguzi wanapiga X nyekundu ukutani, hapo kila mtu anakuangalia we. Afu kaa usiku na michoro na BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama zake, vipitie pamoja, utashangaa mchoro unaonyesha nguzo 18 na BOQ ina nondo za nguzo 16, hiyo ukiikuta leo ni simu moja kwa mkadiriaji, ukiikuta zege limeshamwagwa ni kesi.

Na ratiba. We umeandika msingi wiki sita, sawa, lakini leo ni Februari, masika ya huku unaijua, Machi ikifika katikati mitaro yako inakua bwawa. Ama msingi uwe umetoka ardhini kabla ya hapo, ama uwe na pampu na pesa yake kwenye bajeti. Na ukikuta ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba ukilowa usikubali mtu akwambie "tuongeze mawe tu", simamisha, ita injinia aje aangalie kwa macho yake na aandike. Aandike mama, asiseme.

Stoo nayo nitakwambia maana ndo shamba langu. Simenti iwe juu ya mbao, isiguse ukuta, isipangwe zaidi ya mifuko kumi kwenda juu, na iliyotangulia kuingia ndo itangulie kutoka, ikikaa miezi mitatu hapo inaanza kukosa nguvu hata kama mfuko ni mzuri. Siku ya zege mi nilikua sitoi simenti mpaka mifuko mitupu irudi. Wametoka na kumi, walete mitupu kumi ndo wapate mingine kumi. Mafundi walikua wananichukia kwa hilo, waliniita mjomba wa mifuko, lakini saiti moja tulipungukiwa mitupu minne, tukafukua lundo la mchanga nyuma ya choo, minne mizima ipo imefukiwa inasubiri giza. Sasa fikiria, hiyo minne haikuibwa stoo tu bana, imeibwa kwenye nguzo. Nguzo yenye simenti pungufu kwa macho inafanana kabisa na nyingine, ndo maana mnatengeneza yale maboksi ya zege ya milimita 150 mnayapeleka maabara yapondwe siku ya 7 na siku ya 28. Yatengeneze kutoka kwenye zege lile lile linalomwagwa, usimuachie fundi akatengenezea pembeni zege lake la harusi.

Na maji kwenye zege! Vibarua wakichoka wanaongeza maji ili liteleze kwenye toroli. Simama pale pale kwenye mixa. Afu limwagiliwe siku saba si chini, hata jumapili, mwenye zamu ya jumapili umjue kwa jina.

Sasa nikupe kitu ambacho sijawahi kukwambia.

Mwaka 2004, we ulikua darasa la kwanza, nilikua stoo ya saiti moja hapa hapa Moshi, kontrakta simtaji. Tulimwaga slabu ya juu, yani sakafu ya zege, na balkoni yake imetokeza mbele. Injinia akaacha maneno, mirunda ya slabu, ile miti inayoshikilia zege kwa chini, isitoke kabla ya siku 21, ya balkoni 28. Meneja wetu alikua na saiti tatu, hapo kwetu tulimuona labda mara mbili kwa wiki, anashuka kwenye gari injini inaunguruma, anaangalia juu, anaondoka. Mirunda ilikua ya kukodi, inalipiwa kwa siku, na saiti yake ya Arusha inaihitaji. Siku ya 11 akampigia foromani, toeni, zege limekauka. Foromani akaja dirishani kwangu kuchukua mtaimbo na nyundo mbili. Nikampa. Mi nilikua na kalenda ukutani, siku ya zege nimeizungushia wino mwekundu mwenyewe, nilijua kabisa ni siku ya 11. Nikasema moyoni mi ni stoo kipa, nitamwambiaje foromani, na foromani atamwambiaje meneja. Jioni ikarudi mirunda 84, nikahesabu, nikaandika, nikasaini.

Kesho yake saa nne kijana mmoja wa kubeba karai alikua amekaa chini ya balkoni anakunywa uji, pale palikua na kivuli kizuri. Ilikatika yote kwa pamoja, haikupasuka kwanza wala nini. Kijana alipona, mguu ulikatwa chini ya goti. Alikua na miaka 19 na mi ndo nilimwandikisha. Siku hizo hakuna WCF, ule mfuko wa fidia umeanza kazi 2015, kwahiyo alipewa cha kupewa na mambo yakaishia hapo.

Walipokuja kuuliza, meneja akasema hakumwambia mtu atoe kitu. Daftari la saiti lilikuwepo ila kurasa zake nyeupe, miezi miwili haijaandikwa hata "leo mvua". Karatasi pekee kwenye saiti nzima iliyoonyesha mirunda imetoka lini ilikua ya kwangu, na sahihi yangu chini yake. Ile jumamosi ulinijia na daftari lako la hesabu nikakufokea, labda umesahau. Mi sijasahau.

Ile ghorofa 16 ya mtaa wa Indira Gandhi kule Dar ilipoanguka Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, wakafa watu 36, watu hapa mtaani walikua wanabishana ni simenti, ni nondo, ni rushwa. Mi nilikua nawaza tu kuna mtu mle ndani lazima alikua na kalenda ukutani.

Kwahiyo mama we jenga saiti ambayo stoo kipa anaweza kukataa. Asubuhi kabla ya kazi waite wote, dakika kumi zinatosha, mpaka wa karai na mama lishe maana mama lishe anasikia mengi kuliko we, waambie leo tunafanya nini na wapi pasipitike. Siku ya kwanza kibarua akikwambia "meneja hapa panatikisika" usimcheke hata kama hajui kitu, panda uangalie mbele ya wenzake. Ukimcheka mara moja hutasikia tena. Daftari liandike kila siku kabla hujavua gambuti, hali ya hewa, watu wangapi, nini kimeingia, nani kaagiza nini, na mteja akija na shemeji yake wakasema sogeza ukuta, mwambie vizuri tu mzee naomba iwe kwa maandishi, injinia apitishe, bei iandikwe, ndo tusogeze. Atanuna. Mwache anune.

Fundi umeme na wa bomba waitwe kabla ya slabu, sio baada, usije ukawa wa kubomoa ulichomwaga juzi. Mishahara ya vibarua jumamosi saa nane, isivuke, njaa ndo inafukia simenti kwenye mchanga. Rangi na vigae hayo utayaweza, una jicho la mama yako. Kukabidhi sio mwisho, kuna kipindi cha matazamio, kile cha mkataba, sehemu ya pesa yenu mwenye jengo anaishikilia mpaka kiishe na nyufa zote za humo ni zenu, usitawanye watu wako wote ukabaki unampigia fundi ambaye yuko Dodoma.

Wale vijana wanne wa jumuiya nitakuletea wawili, wengine hawawezi kuamka.

Kuna kiroba cha ndizi na maparachichi kinakuja na kosta ya kesho saa nne, konda umpe elfu mbili usimzidishie. Chini ya ndizi nimeweka lile daftari langu la stoo la 2004, ukurasa wa mirunda nimeukunja pembeni. Usimuonyeshe mama yako.

Baba