Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2023/24

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Salaam kwenu. Katiba ya chama chetu cha wahamiaji wanaozungumza Kiswahili hapa Saskatoon, Kanada, inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka na kueleza chama kimefanya nini. Safari hii nimeiandika taarifa yenyewe badala ya kuisema tu kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya ndugu zetu wamehamia Regina na Edmonton kufuata kazi, nao wameomba waisome huko waliko.

Nianze na lililowauma wengi. Timu yetu ya hapa mjini, Saskatchewan Rush, inayocheza lakrosi, yaani mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, haikuingia hatua ya mtoano. Imemaliza mechi 18 ikiwa na ushindi mara 8 na vipigo 10. Nafasi ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho kwenda robo fainali, ilichukuliwa na Rochester Knighthawks, nao wakiwa wameshinda 8 na kupoteza 10. Hesabu zao na zetu ni zilezile. Lakrosi ya ndani haina sare: dakika 60 zikiisha mkiwa sawa, mnaongezewa muda, na wa kwanza kutia mpira wavuni ndiye mshindi. Kwa hiyo hakuna pointi moja moja za kuokoteza kama kwenye kandanda. Timu zikilingana kwa ushindi, ligi inatazama vigezo vingine, na vigezo hivyo havikutubeba. Tungepata ushindi mmoja tu zaidi, tukafika 9, hakuna ambaye angehangaika kupekua kanuni.

Wengine mmeniuliza kama tulidhulumiwa. Jibu langu ni hapana, na nalieleza hapa ili lisirudi kwenye kila kikao. Msimu huu ligi ilifuta makundi ya Mashariki na Magharibi ikaweka timu zote 15 kwenye msimamo mmoja, nane za juu zinapita. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukinung'unika kuhusu makundi. Mwaka 2023 tulimaliza hivihivi, 8 kwa 10, tukakaa nje huku Colorado Mammoth wakipenya kutoka kundi letu na kufika hadi fainali. Mwaka 2022 pia tulikuwa 8 kwa 10. Misimu mitatu, namba zilezile. Mara ya mwisho Rush kucheza mechi ya mtoano ilikuwa 2019. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa anasoma chekechea.

Najua kuna wanachama waliojiunga karibuni ambao hawajui kwa nini watu wazima wanaumia hivi kwa ajili ya mchezo ambao kwetu hata jina hauna. Naomba mnivumilie niwarudishe nyuma kidogo. Rush ilihamia Saskatoon kutoka Edmonton, na msimu wake wa kwanza hapa ulikuwa 2016. Wengi wetu nasi tulikuwa wageni mjini. Tiketi zetu za kwanza tulipewa na wafadhili wa kanisa waliotupokea, tukaenda bila kujua tunakwenda kutazama nini. Tulikuta uwanja wa hoki ya barafu uliotandikwa zulia la nyasi bandia, watu watano wa ndani na kipa kila upande, na kila mmoja ameshika fimbo yenye wavu kichwani. Mzee wetu mmoja, mvuvi wa zamani wa Uvira, alitazama zile fimbo akasema, "Hizi ni lusenga." Waliokulia kandokando ya Ziwa Tanganyika walicheka mpaka machozi, kwa sababu kweli zinafanana na ule wavu wa mpini mrefu wa kuchotea dagaa. Tangu siku hiyo kwenye viti vyetu fimbo ya lakrosi inaitwa lusenga, na watoto waliozaliwa hapa hawajui kama ina jina jingine.

Msimu huohuo wa kwanza Rush ilichukua ubingwa. Mechi ya pili ya fainali dhidi ya Buffalo Bandits ilichezwa hapa kwenye uwanja wetu wa SaskTel Centre, na goli la ushindi lilifungwa na Jeff Cornwall zikiwa zimebaki sekunde chache tu. Ni mchezaji wa ulinzi, si mfungaji. Alikimbia nao mpira uwanja mzima. Mliokuwapo mnakumbuka mama zetu walivyopiga vigelegele, na jinsi watu wa safu za jirani walivyogeuka kutazama sauti hiyo inatoka wapi, kisha wakajaribu kuiga. Kombe jingine lilikuja 2018. Ndiyo maana nasema "timu yetu" bila kusita. Tulikuja mjini pamoja, na furaha yetu ya kwanza hadharani katika nchi hii ilikuwa ndani ya uwanja ule.

Sasa nirudi kwenye msimu wenyewe. Mimi si kocha, na benchi la kocha Jimmy Quinlan linajua kazi yake. Lakini mtu anayekaa kiti kilekile mwaka hadi mwaka huona mambo. Jambo la kwanza ni ufupi wa msimu. Ligi Kuu ya Tanzania ina mechi 30, hoki ya NHL ina 82, sisi tuna 18, tisa nyumbani na tisa ugenini. Hapo wikiendi moja mbaya ni sehemu kubwa ya mwaka. Anayepoteza mbili mfululizo mwezi Januari analipa mwezi Aprili.

Jambo la pili ni maisha ya wachezaji. Wengi wao wana kazi nyingine. Katika ligi hii kuna walimu, wazima moto, mafundi. Chukueni wachezaji wetu wawili: nyumbani kwa Robert Church ni British Columbia, kwa Ryan Keenan ni Ontario, na mchezaji wa Rush hupanda ndege kuja Saskatoon kwa mechi kisha akarudi kwao. Mtu anatoka kazini Ijumaa, anasafiri, anacheza Jumamosi mchezo wa kugongana mabega na ubao wa uwanja, Jumatatu yuko kazini tena. Nusu ya chama hiki kinafanya kazi za zamu. Tunaujua uchovu huo kwa majina yake yote, na labda ndiyo sababu sijawahi kusikia mwanachama akiwazomea.

Jambo la tatu ni saa. Timu ikishika mpira ina sekunde 30 za kupiga golini, la sivyo inaunyang'anywa. Goli lenyewe ni dogo, karibu mita moja na nusu kwa upana, na kipa amevaa mavazi yanayolijaza. Katika hali hiyo mpira unaodunda sakafuni bila mwenyewe unakuwa na thamani kuliko shuti kali. Timu inayouokota inapata sekunde 30 mpya, isiyouokota inakimbia kurudi nyuma. Nilipokuwa naandika taarifa hii nilijaribu kukumbuka ni mechi ipi hasa iliyotukosesha ule ushindi wa tisa. Nimeshindwa. Kila niliyoifikiria ilikuwa na mpira mmoja uliopita katikati ya watu wetu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake atainama.

Shughuli za chama. Kati ya mechi tisa za nyumbani tulikwenda sita kama kundi. Ile ya Januari tuliifuta wenyewe kwa sababu ya baridi. Joto lilikuwa limeshuka zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na kamati haikuwa tayari kusimamisha watoto kituo cha basi usiku. Kuna waliolalamika, na naelewa, ila uamuzi ule ningeufanya tena. Mbili nyingine tulizikosa kwa sababu viti vya pamoja vilikuwa vimekwisha tulipopeleka fedha. Lawama za hilo ni zetu sote, maana michango ilichelewa.

Kuna kosa moja ambalo ni langu peke yangu. Katika ngwe ya lala salama, wakati bado tulikuwa na matumaini, nililipa nusu ya kodi ya ukumbi ili tukae pamoja kutazama robo fainali. Nilifikiri hivi: tukiingia nafasi ya nane tutacheza ugenini kwa Toronto Rock, vinara wa msimamo, kwa hiyo hakuna wa kwenda uwanjani, na familia nyingi hazina runinga kubwa. Sikuuliza kamati. Mechi haikuja, na fedha hazikurudishwa. Mweka hazina ameziandika kwenye jedwali lake kama hasara, nami nimeanza kuzirejesha kidogo kidogo. Naomba radhi kwa wanachama wote. Kuanzia sasa hakuna malipo ya namna hiyo bila sahihi tatu.

Jambo lililonipa faraja kuliko yote mwaka huu ni watoto. Baada ya kuona wanapiga mpira ukutani na fimbo za kuazima nyuma ya jengo tunaloishi, tulipeleka kumi na mmoja kwenye mazoezi ya lakrosi ya vijana hapa mjini. Watatu ni wasichana. Vifaa ni ghali: kofia ya chuma usoni, glavu, kinga za mabega na mbavu, fimbo yenyewe. Tulipata vilivyotumika. Kabla ya siku ya kwanza, mama mmoja mjumbe wa kamati aliwakalisha chini akawaeleza mchezo huu ni wa nani. Ni wa Wahaudenosaunee na mataifa mengine ya asili ya bara hili, waliucheza karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na wao huuita mchezo wa Muumba na huucheza pia kuwaombea wagonjwa uponyaji. Sisi tunaishi kwenye ardhi ya Mkataba wa 6, yaani mapatano ya ardhi kati ya mataifa ya asili na Ufalme wa Uingereza. Mtoto wa watu waliofukuzwa kwao, alisema, asishike kitu cha mwenzake bila kujua jina la mwenye kitu. Naungana naye, na napendekeza maneno hayo yawe sehemu ya kila mazoezi yetu ya kwanza.

Kijana mmoja aliniuliza kama Mwafrika anaweza kufika mbali katika mchezo huu. Nilimwambia Uganda ilicheza kombe la dunia la lakrosi ya uwanja wa nje huko Denver mwaka 2014, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Na lakrosi inarudi kwenye Olimpiki huko Los Angeles mwaka 2028. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alifika mazoezini mapema kuliko kocha.

Msimu ujao, wa 2024/25, unaanza mwisho wa Novemba 2024. Panther City ya Fort Worth imefungwa, New York Riptide imehamia Ottawa na itaitwa Black Bears. Timu zitakuwa 14 na nafasi za mtoano ni nane zilezile, yaani mlango umefunguka kidogo. Bingwa wa kufukuzwa ni Buffalo, aliyechukua kombe mara mbili mfululizo, 2023 na 2024.

Nafahamu kuna hoja itakayoletwa kwenye mkutano kwamba tuache tiketi za pamoja, fedha ziende zote kwenye mfuko wa misiba na arusi. Naipinga hoja hiyo, na nasema wazi ili msishtukie. Mfuko wa misiba unatukutanisha tukiwa na huzuni. Uwanjani ndiko mzee wa Uvira, kijana wa Bujumbura na mama aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanakaa safu moja wakipigia kelele kitu kimoja, na mtoto anasikia Kiswahili kikisemwa kwa sauti ya juu bila mtu kukionea haya. Misimu mitatu ya 8 kwa 10 haijapunguza hilo. Kamati inaomba ridhaa yenu kununua viti vya mechi saba, safari hii fedha zikikusanywa mapema.

Nawashukuru katibu, mweka hazina, madereva waliojitolea magari yao, na akina mama waliobeba chai ya tangawizi kila safari. Anayetaka kiti amwone katibu kabla ya mkutano kufungwa, akiwa na mchango wa kwanza. Familia zenye watoto wa mazoezi zimletee vipimo vya kofia na glavu. Vifaa vilivyopo ni vya watoto kumi na mmoja, na majina yaliyoandikishwa hadi jana ni kumi na tisa.

Mwenyekiti
Saskatoon, Oktoba 2024