Habari za sauti za wanyama: mwacheni mnyama aanze

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase waandaaji wa habari za sauti kuhusu mawasiliano ya wanyama. Nyingi zinachosha, na sababu ni moja: sauti ya mnyama imefanywa pambo. Mtangazaji anasoma dakika nzima juu ya utafiti, halafu ndipo tumbili anasikika sekunde mbili, tena chini ya muziki. Msikilizaji keshaambiwa kila kitu, hana tena la kutegea sikio.

Chukua tumbili wa Amboseli, Kenya. Mwaka 1980, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walieleza kwamba tumbili hao wana mlio wa tahadhari kwa chui, mwingine kwa tai na mwingine kwa nyoka. Fungua habari kwa mlio wa chui, sekunde tano hadi nane, bila neno lolote. Nyamaza kidogo. Uliza: wenzake wamefanya nini? Weka wa tai, kisha wa nyoka. Hapo sasa ndipo useme kwamba wakisikia wa kwanza hukimbilia mitini, wa pili hutazama juu au hujitosa vichakani, wa tatu husimama kwa miguu ya nyuma wakikagua nyasi. Rudia milio yote mitatu. Safari hii msikilizaji anaitambua mwenyewe, na utamu wote wa habari uko hapo. Ukitanguliza maelezo, umeumaliza.

Wahariri wengi hukata jaribio lenyewe wakidhani ni mambo ya wataalamu. Wasilikate. Watafiti walificha spika, wakacheza milio iliyorekodiwa ilhali hakuna chui wala tai karibu, na tumbili wakaitikia kila mlio kwa namna yake. Bila kipande hicho, msikilizaji makini atauliza kama si kwamba walimwona adui tu wakakimbia.

Tembo ndio wanaowaponza mafundi. Sauti ya msingi ya mngurumo wao mara nyingi iko chini ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, ambapo sikio la binadamu hukoma, na spika ya simu haifiki huko hata kidogo. Ukirusha rekodi ilivyo, atakayesikiliza kwa simu ataambulia kidogo sana. Iongeze kasi mara tano: hezi 20 inakuwa 100, na mngurumo wa sekunde tano unabaki sekunde moja, kwa hiyo urudie mara mbili tatu. Mtego upo kwenye programu za kuhariri, ambazo nyingi huongeza kasi huku zikiizuia sauti isipande. Zima kipengele hicho, la sivyo umefanya kazi bure. Angalia pia swichi ya kinasa sauti ya kukata sauti nzito. Huwashwa ili kupunguza upepo, nayo hufuta mngurumo kabla haujaingia kwenye faili.

Popo ni kinyume chake: punguza kasi mara kumi, hezi 50,000 zishuke hadi 5,000. Ila rekodi ya kawaida, inayochukua sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, haina chochote juu ya hezi 22,050, hivyo hata ukiipunguza kasi hupati popo wa aina hiyo. Inatakiwa sampuli 192,000 au zaidi. Na kila ulipobadili kasi, msikilizaji aambiwe papo hapo.

Kuhusu kutia chumvi: mwaka 2024 watafiti waliochambua milio 469 ya tembo wa Samburu na Amboseli waliripoti kwamba tembo huitana kwa milio inayofanana na majina. Kompyuta ilimtambua tembo aliyekuwa akiitwa katika asilimia 27.5 ya milio hiyo, zaidi ya kubahatisha, lakini ni robo na ushei tu. Itaje namba hiyo hewani. Kisha eleza kwamba tembo 17 walipochezewa rekodi, waliitikia zaidi mlio uliokuwa wa kuwaita wao kuliko wa kumwita mwingine. Kwangu mimi shaka hiyo inavutia kuliko kichwa cha habari kinachotangaza kwamba tembo wana majina.

Muziki wa chini uondoke kabisa. Filimbi na ndege hugombania masafa yaleyale, yaani hezi zilezile. Na anayerekodi porini achukue dakika moja ya sauti ya mahali penyewe, pasipo mtu kusema, ya kuzibia mikato wakati wa kuhariri.

Mhariri wa vipindi vya sauti