Kadi ya CHF hatuipokei, lakini njoo nayo

Juzi asubuhi, hatujamaliza hata kupiga deki, mama mmoja muuza samaki aliingia kashika shavu la kushoto kwa pindo la khanga. Dada wa mapokezi akamwamkia, "Shikamoo mama, pole." Akaitikia kwa kichwa tu. Akafungua kibindo, akatoa kifuko cha nailoni kilichokunjwa mara nne, na ndani yake kadi ya bima ya CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, inayong'aa kama imetoka kiwandani leo.

"Hii haijawahi kufanya kazi, mwanangu. Leo ndiyo siku yake."

Tukamwambia kwetu haipiti. Akatutazama, akaitazama kadi. "Nimeilipia kwa hela ya dagaa, halafu wewe unaniambia haipiti?"

Swali hilo tunaulizwa karibu kila wiki, na jibu la mdomo pale dirishani huwa halitoshi, hasa kwa mtu ambaye jino linampiga. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Kliniki yetu ni ndogo, ya meno tu, hapa Mbagala, Dar es Salaam. Tunapokea fedha taslimu na kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Wengi hudhani bima ya serikali ni moja, kumbe NHIF na CHF ni mifuko miwili. NHIF ilitungiwa sheria 1999 na ikaanza kazi 2001. Ilianza na watumishi wa serikali: mshahara unakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3, na kadi inambeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. CHF ni ya mtu asiye na mshahara wa kukatwa, kama fundi cherehani, mama lishe, kijana wa bodaboda na huyu mama wa samaki. Vituo vinavyoipokea karibu vyote ni vya serikali. Sisi hatumo. Hatujamkataa mtu, ni kwamba hatuna mkataba nao.

CHF ilipoboreshwa, mikoani kaya ya watu hadi 6 iliwekewa shilingi 30,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ikawa 150,000 kwa kaya, au 40,000 kwa mtu mmoja. Wateja hunung'unika: kwa nini mjini mara tano? Hasira yao tunaielewa. Lakini igawe: kaya ya watu 6 ni 25,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima, na kwa siku nyumba nzima haifiki 420, wala si bei ya soda. Kinachowashinda watu ni kuitoa kwa mpigo. Kuna kundi la akina mama jirani zetu wanaocheza mchezo wa kila siku, na walikubaliana kila anayepokea akatie kaya yake bima kwanza ndipo anunue vyombo. Hatujaona njia nzuri kuliko hiyo.

Na hela yako haiendi peke yake. Tangu CHF inaanza kuna utaratibu unaoitwa tele kwa tele: wanachama wakichanga, serikali inaongeza fungu lake juu. Kwa wasio na chochote cha kuchanga, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeweka mfuko wa kuwalipia, na miongoni mwa vyanzo vyake ni ushuru wa vinywaji na kodi ya michezo ya kubahatisha. Wale vijana wanaoshinda kwenye mikeka ya mpira watakuwa wanamtibu bibi wa mtu bila kujua.

Sasa turudi kwenye jino. CHF ina ngazi zake. Unaanzia zahanati au kituo cha afya cha kwenu, wakishindwa wanakuandikia rufaa, na kadi inaweza kukufikisha hadi hospitali ya rufaa ya mkoa: Temeke kwa sisi wa huku, Amana kwa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni. Muhimbili haifiki. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuamka na maumivu, kupanda daladala moja kwa moja hadi hospitali kubwa bila karatasi ya rufaa, kuambiwa alipie, kisha kuja kwetu akisema kadi ni utapeli. Kadi haina kosa, karatasi ndiyo hakuna.

Lipo jambo jingine ambalo lazima tuliseme, hata kama sisi tunaishi kwa kuuza huduma hii. Kwenye vituo vya chini, huduma ya jino inayopatikana kwa urahisi ni kung'oa. Kuziba kunataka mashine, dawa ya kuzibia na muda wa kukaa na mgonjwa mmoja, na kutibu mzizi ndiyo zaidi. Kwa hiyo mwenye hela anachagua kubaki na jino lake, na mwenye kadi mara nyingi anabaki na pengo. Wala si kwetu tu. Marekani wana Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo tangu 1965. Meno ya watoto ni lazima yatibiwe katika kila jimbo, lakini ya watu wazima kila jimbo linajiamulia. Ni kana kwamba mdomo si sehemu ya mwili.

Ndiyo maana siku ya kwenda ina uzito kuliko kadi yenyewe. Jino likianza kutoboka haliumi. Unaona doa jeusi, ulimi unagusa kijishimo, chakula kinanasa. Hapo kuziba ni kazi ya kikao kimoja. Likianza kushtuka kwa maji ya baridi, bado tunaweza kuzungumza. Likikuamsha usiku, ugonjwa umeingia kwenye mshipa, na yamebaki mambo mawili: kutibu mzizi kwa gharama kubwa, au koleo. Katikati hapo watu humeza dawa za duka la dawa, maumivu yanatulia wiki moja, wanadhani wamepona. Shimo liko palepale. Na tafadhali, asprini imezwe, isibandikwe kwenye fizi. Tunapokea watu wameungua nyama nyeupe kabisa, jino linauma na fizi inauma.

Kuna wasiohitaji kadi kabisa na hawajui. Watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wana msamaha wa kulipa kwenye vituo vya serikali, na pia wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo. Mzee aanzie kwa mtendaji wa mtaa apate barua, kisha hospitali aulizie ofisi ya ustawi wa jamii. Kuhusu watoto, tunaumia kila mara tunapomwona mama aliyetoa hela yake kwa fundi wa mtaani amng'olee mtoto "meno ya nailoni" kwa sababu ya homa na kuharisha. Hakuna meno ya nailoni. Anachokwangua yule ni chipukizi la jino lenyewe, kwa kifaa kisichochemshwa, wakati matibabu ya ile homa zahanati ni bure.

Yule mama wa samaki tulimkalisha kwenye kiti, maana kutazama mdomo hatutozi. Gego la chini kushoto, limebaki ganda, fizi ina usaha. Tukamwandikia kikaratasi: jino gani, tumeona nini. Tukamwelekeza aanze na zahanati ya mtaani kwake siku hiyohiyo. Aliondoka amenuna. Alhamisi akapita na ndoo yake kichwani, akasimama mlangoni, akafungua mdomo kutuonyesha pengo. "Sijatoa hata mia," akasema, kisha akatuuzia vibua kwa bei ambayo si ya majirani.

Kwa hiyo njoo na kadi yako, hata kama unajua hatuipokei. Tutakuangalia jino na kukwambia kama ni la kuziba au la kung'oa, na kama kituo cha serikali kinaliweza tutakutuma huko. Tutakusomea na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi, kwa sababu nyingi tunazoonyeshwa zimeshaisha muda na wenyewe hawana habari. Tunafungua saa 2 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.