Risala ya Wanafunzi wa Shahada ya Sanaa na Jamii kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Tunakushukuru kwa dhati kwa kuziacha shughuli zako na kuja kuketi nasi.

Shahada yetu inaunganisha historia, lugha, falsafa, dini na akiolojia katika mtaala mmoja, na tangu ianzishwe imekuwa fahari ya chuo hiki. Mwaka huu tumerekodi simulizi za wazee wa Mji wa Kale wa Mombasa na kuyaandika upya mabango ya zahanati kwa Kiswahili chepesi, kazi ambayo tunaamini haina mfano hapa Pwani.

Wako wanaouliza masomo haya yana kazi gani. Merikebu ya Wareno, Santo António de Taná, ilizama mbele ya ngome ya Fort Jesus mwaka 1697, na ilipochunguzwa kati ya 1977 na 1980 wapigambizi waliweza kuviopoa vitu vyake, lakini kueleza vilitoka wapi kulihitaji mtu aijuaye historia ya biashara, asomaye nyaraka za Kireno na atambuaye ufinyanzi wa nchi za mbali. Leo makumbusho, utalii, redio na mabunge ya kaunti yanahitaji watu wa namna hiyo hiyo, hasa kwa kuwa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi.

Hata hivyo, Mheshimiwa, haja yetu ni moja: nafasi za mafunzo kazini. Bila miezi mitatu ya mafunzo hayo, na ripoti iliyotiwa sahihi na msimamizi, mwanafunzi wetu hahitimu. Mwenzetu huondoka alfajiri na bahasha yenye barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na cheti cha bima, akavuka feri ya Likoni, na kwenye dirisha la mapokezi akaulizwa anasomea nini. Akishajibu, hurudishiwa bahasha bila kufunguliwa na kuambiwa kwamba wanaotakiwa ni wa uhasibu na kompyuta. Wengine hupokelewa, wakaishia kuchemsha chai. Wapo walioahirisha kuhitimu, na wazazi wao, baadhi wakiwa hapa, wanalipa karo ya muhula usio na somo.

Haja hii si mara ya kwanza kusomwa ukumbini humu. Wageni waliotangulia, ambao tunawaheshimu sana, waliahidi tukawapigia makofi, wakaondoka na nakala ya risala. Tumewaandikia barua za kuwakumbusha na hatujapata jibu, hata la kukataa. Hatusemi kwa lawama, ila ahadi ni deni, na tungependa yako iwe ya kwanza kulipwa.

Kwa unyenyekevu tunaomba afisi yako itutengee nafasi katika idara za utamaduni, utalii na kumbukumbu, idadi yake itajwe kwa barua yenye mhuri kabla ya muhula kufungwa, na ateuliwe afisa mmoja wa kushughulikia jambo hili, ambaye tutapewa jina lake leo kabla hujaondoka. Katibu wetu sasa atakukabidhi orodha ya wanafunzi wanaosubiri, pamoja na masomo yao na lugha wanazozimudu.

Wasalaam.