Spontaneous sio ghafla tu

Mwanangu,

Jumapili nilipokuja kukuona shuleni uliniuliza spontaneous maana yake nini, nikakujibu fasta "ghafla" maana muda wa wageni ulikuwa umeisha. Basi kuanzia Moro mpaka nashuka Mbezi lile jibu linanikereketa tu, nikaona hapana, mtoto nimempa nusu.

Ghafla ipo ndani yake ila haitoshi. Bodaboda ikikukwaruza pale Buguruni hiyo ni ghafla lakini sio spontaneous, kitu kimetoka nje kikakukuta. Neno lina asili ya Kilatini, sponte, yaani kwa hiari yake, kwahiyo kiini chake ni kitu kuanza chenyewe, kutoka ndani, hakuna aliyekisukuma wala kukipanga. Unakumbuka ile siku baba ako karudi kazini hata viatu hajavua akasema haya twendeni Kigamboni, tukapanda pantoni na ndala zetu, dada ako kabeba mihogo mibichi sijui aliwaza nini? Ile ndio spontaneous. Na makofi, mtu kaguswa anapiga, sio mpaka MC aombe.

Kwenye sayansi utalikuta pia. Matambara yenye mafuta ya linseed, yale ya kupakia mbao, fundi akiyarundika pembeni yanaweza kuwaka bila kiberiti, maana mafuta yakikutana na hewa yanatoa joto, na joto ndani ya rundo halina pa kutokea, linapanda linapanda mpaka moto.

Ila usichanganye na kukurupuka tafadhali, aliyekurupuka anasifiwa na nani.

Sasa mfano ninaoupenda mimi nimeukuta jana kwenye begi la vyeti. Kadi yako ya kliniki, imechakaa kwenye mikunjo, nesi kaandika kwa peni ya bluu SVD, yaani spontaneous vaginal delivery, kujifungua kwa njia ya kawaida. Hiyo S ndio neno lako baba. Maana yake ulitoka mwenyewe, hukuvutwa na kifaa, sikupasuliwa. Na uchungu nao ulikuja wenyewe saa tisa usiku, mvua inanyesha, kanga zangu bado ziko kwenye kamba zimelowa, begi sijafunga, hakuna dripu ya kuuanzisha wala nini, uliamua tu kuja.

Kadi nimeirudisha kwenye nailoni yake, ukija likizo nitakuonyesha.

Mama ako