Mombasa haikuanzia ngomeni

Mhariri,

Likizo iliyopita niliwapeleka wajukuu zangu Ngomeni, ambako wageni hukuita Fort Jesus. Mtembezaji aliyetupokea alikuwa kijana mchangamfu, sauti yake ya kusikika hadi Nyali. Kasoro yake ilikuwa pale alipoanzia. Alisema mji wa Mombasa ulianza mwaka 1593, Wareno walipoanza kuijenga ngome. Mjukuu wangu wa miaka tisa akaninong'oneza: "Babu, kama hakukuwa na mji, kuta nene hivi walikuwa wakimwogopa nani?"

Sikutaka kumtahayarisha kijana wa watu mbele ya wageni, nikanyamaza. Naomba nafasi nilijibu swali hilo hapa.

Walikuwa wakiwaogopa wenyewe wenye mji, na Waturuki wa Ali Bey walioshirikiana nao hadi 1589. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498 hakupata makaribisho aliyoyataka, akaenda zake Malindi. Mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, akaja na merikebu zake, akauteka mji na kuutia moto. Sasa, mtu atachomaje mji ambao utaanza miaka themanini na nane baadaye?

Kabla yao wote alipita Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, mwaka 1331. Alilala usiku mmoja tu, na macho yake yakaona mengi. Anasimulia kisiwa kisichokuwa na nafaka, ikiletwa kutoka bara, watu wakila ndizi na samaki. Misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kila mmoja ulikuwa na kisima mlangoni. Aliyetaka kuingia aliteka maji, akaosha miguu, akaipangusa kwenye mkeka mnene. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Msikiti wa mtaani kwetu Kibokoni, nilipokuwa mtoto, ulikuwa na maji mlangoni na jamvi, na ole wako ukanyage ndani na vumbi!

Kisha kuna Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, ambaye wazee humtaja kuwa ndiye asili ya mji, na Shehe Mvita aliyemfuata. Najua nitaambiwa hizo ni hekaya. Sawa, na ziwe hekaya. Lakini mji ambao wenyewe wanasema ulianza kwa mwanamke una haki ya kusimuliwa hivyo kwa dakika mbili kabla ya kufika kwa Wareno. Hata Muyaka bin Haji, malenga wa zama za Wamazrui waliokuwa watawala wa Mombasa, aliutaja mji huu kuwa wa Mwana Mkisi. Leo Kongowea ni soko. Tunakwenda kununua vitunguu na mitumba, tunarudi, jina lenyewe hatuliulizi.

Majina ndiyo hati zetu. Kilindini ni penye kilindi: manahodha wetu waliujua undani wa maji yale kabla ya meli za makontena, na ni kwa sababu ya undani huo kila mwenye nguvu baharini amekitamani kisiwa hiki. Ndia Kuu, jina la barabara ya Mji wa Kale, ni Kimvita safi, lahaja yetu ya Mombasa. Siku moja niliona ramani imeandika "Njia Kuu", kana kwamba sisi tulikosea! Na Mnara wa Mbaraki, ambao watu hupeleka ubani na maji ya marashi kwa mashetani wanaosemekana kukaa mle, mama yangu alitukataza kuukaribia magharibi ikiingia. Hilo nalo ni historia, hata kama haliingii kwenye tiketi.

Tulipotoka Ngomeni tulikaa barazani, watoto na viazi karai, mimi na kahawa chungu kwa kashata. Wazee wawili walikuwa wakibishana nani wa Tisa Taifa na nani wa Tatu Taifa, yale makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa. Kwa nusu saa wajukuu walijifunza kuliko asubuhi nzima, na bila kiingilio.

Wanaowafunza watembezaji waanzie Kongowea. Nawe Mhariri, kurasa zako za likizo zimejaa ngome na fukwe. Watume waandishi wako mabarazani wakiwa na kinasa sauti, maana wazee wale wawili hawana umri wa kusubiri. Kijana yule wa Ngomeni naye akaribie. Kahawa nitalipa mimi.

Mzaliwa wa Kibokoni,
Mombasa